Kiyoyozi Kinachoamriwa kwa Simu: Namna ya Kukinunua, Kukiunganisha na Kutambua Hitilafu Zake

Kuanzia Desemba hadi Machi, Jiji la Dar es Salaam huwa na joto kali lenye unyevu. Katikati ya jiji, ambako majengo ya ghorofa yamesongamana kutoka Kisutu hadi Gerezani, upepo wa bahari hauingii vyumbani kwa urahisi. Kiyoyozi, ambacho zamani kilionekana zaidi katika ofisi na hoteli, sasa kimeingia katika saluni, maduka ya dawa, stoo za bidhaa na vyumba vya kupanga. Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, msomaji atakuta maboksi yenye alama ya waifai, na muuzaji atamweleza kwamba kifaa hicho kinaweza kuwashwa, kuzimwa na kupangiwa kiwango cha ubaridi kwa simu ya mkononi, hata mwenye simu akiwa safarini Dodoma.

Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayajakamilika. Anayenunua kiyoyozi cha namna hii hununua vitu viwili kwa pamoja: mashine ya kupoza hewa, na njia ya mawasiliano kati ya mashine hiyo na simu yake. Vitu hivi viwili huweza kuharibika kila kimoja kwa wakati wake. Mashine inaweza kuwa nzima ilhali mawasiliano yamekatika, na mawasiliano yanaweza kuwa mazuri ilhali mashine haipozi. Mtumiaji asiyejua tofauti hii hujikuta akimlipa fundi afungue kifaa kisicho na ubovu, aongeze gesi isiyohitajika, au anunue kifaa kipya kwa sababu tu bando la intaneti limekwisha.

Katika sehemu hii ya kijitabu tunaeleza mambo ya kuuliza kabla ya kutoa fedha, namna ya kuunganisha kifaa na mtandao, na namna ya kujua hitilafu iko upande gani kabla ya kumwita fundi.

Namna kifaa kinavyofanya kazi

Katika nchi za baridi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, nyumba nyingi huwa na kifaa kimoja kidogo cha ukutani kinachoongoza joto la nyumba nzima. Kifaa hicho huitwa themostati. Kwetu hali ni tofauti: kila chumba huwa na kiyoyozi chake, na themostati imo ndani ya kiyoyozi chenyewe. Kihisi kidogo kilichowekwa mahali hewa ya chumba inapoingia hupima joto, na joto likifika kiwango alichopanga mtumiaji, kompresa iliyo nje hupumzika au hupunguza kasi.

Kiyoyozi chenye waifai kimeongezewa redio ndogo. Mtumiaji anapobonyeza simu akiwa mbali, amri yake hupita katika mtandao wa simu hadi kwenye kompyuta za kampuni iliyotengeneza kifaa, ambazo mara nyingi ziko nje ya nchi. Kutoka huko amri hurudi kupitia intaneti hadi kwenye ruta ya nyumbani, na ruta huifikisha kwenye kiyoyozi. Kwa hiyo safari hiyo ina vituo vinne: simu, kompyuta za kampuni, ruta na kiyoyozi. Kituo kimoja kikisimama, amri haifiki.

Rimoti ya kawaida haitumii njia hiyo. Rimoti hutuma mwanga usioonekana kwa macho, moja kwa moja hadi kwenye kiyoyozi, bila ruta wala intaneti. Ndiyo maana rimoti huendelea kufanya kazi hata intaneti ikikatika nchi nzima. Msomaji alikumbuke hilo, kwa kuwa ndilo litakalokuwa kipimo chake cha kwanza hitilafu ikitokea.

Kuna pia kifaa kidogo kinachouzwa peke yake kwa ajili ya viyoyozi vya zamani. Huwekwa mezani au ukutani, huunganishwa na waifai, kisha huiga mwanga wa rimoti. Ni njia ya bei nafuu, lakini ina upungufu mmoja: chenyewe hutuma amri tu, wala hakina hakika kama kiyoyozi kimeipokea. Simu inaweza kuonyesha kwamba kiyoyozi kimezimwa, kumbe mtu alisimama mbele ya kifaa na mwanga haukufika. Anayekitumia asikitegemee kwa jambo ambalo likikosewa litaleta hasara.

Maswali ya kuuliza dukani

Kabla ya kulipa, tunamshauri mnunuzi apate majibu ya maswali yafuatayo akiwa bado mbele ya kaunta.

Kwanza, redio ya waifai imo ndani ya kiyoyozi, au kuna nafasi yake tu? Baadhi ya maboksi huandikwa maneno yanayomaanisha kwamba kiyoyozi kiko tayari kupokea waifai. Maana yake inaweza kuwa kwamba kuna tundu la kuchomeka kifaa cha waifai, na kifaa chenyewe huuzwa kando. Mwombe muuzaji akuonyeshe kifaa hicho au maandishi ya kitabu cha maelekezo yanayothibitisha kwamba kimo.

Pili, programu ya simu inakubali kutumika Tanzania? Lipo jambo unaloweza kulifanya hapo hapo dukani. Skani alama ya mraba iliyo kwenye boksi au kitabu, pakua programu katika simu yako, kisha jaribu kufungua akaunti. Tazama kama jina la Tanzania limo katika orodha ya nchi, na kama programu inakubali barua pepe yako au namba ya simu inayoanza na +255. Kiyoyozi kilichotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi nyingine kinaweza kupoza vizuri sana na bado kikakataa kusajiliwa hapa. Jaribio hili huchukua dakika chache tu, na huepusha mabishano ya siku nyingi.

Tatu, dhamana inahusu nini? Uliza kama inahusu kompresa peke yake, au pia sehemu za elektroniki pamoja na redio ya waifai. Uliza nani atakayeshughulikia dhamana hiyo: muuzaji, mwagizaji au kampuni iliyotengeneza. Majibu yaandikwe. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha baadaye.

Nne, risiti. Dai risiti ya mashine ya EFD, na uhakikishe kwamba kiasi kilichoandikwa ndicho ulicholipa. Omba pia muuzaji aandike namba ya modeli na namba ya utambulisho wa kifaa katika hati ya mauzo. Hati isemayo «AC moja» bila maelezo mengine haitakusaidia kuthibitisha kwamba ulinunua chenye waifai.

Kabla fundi hajakipandisha ukutani

Kibandiko chenye alama ya mraba na namba ya utambulisho mara nyingi huwekwa ndani ya kifuniko au ubavuni mwa kipande cha ndani. Kikishafungwa juu karibu na dari, kukisoma huhitaji ngazi. Kwa hiyo kipige picha kifaa kikiwa bado sakafuni, na uihifadhi picha hiyo pamoja na risiti.

Kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya ufungaji umeme inayotolewa na EWURA. Kiyoyozi kiwe na swichi yake ya kujitegemea kutoka kwenye ubao wa umeme, na waya wa ardhi uunganishwe. Kisichomekwe katika kebo ya kurefushia pamoja na jokofu na televisheni. Palipo na umeme unaopanda na kushuka, stabilaiza yenye uwezo unaolingana na kiyoyozi hulinda ubao wa elektroniki, ambao ndio uliobeba pia redio ya mawasiliano.

Angalia pia umbali wa ruta. Majengo mengi ya Kariakoo na Upanga yana kuta na sakafu za zege, na zege lenye nondo hudhoofisha mawimbi ya redio. Simama mahali kiyoyozi kitakapofungwa, shika simu juu, na uangalie nguvu ya waifai. Ikiwa simu yenyewe inasuasua hapo, kiyoyozi nacho kitasuasua. Ni rahisi zaidi kuhamisha ruta kuliko kuhamisha kiyoyozi.

Hatua za kuunganisha

Programu hutofautiana kwa majina na rangi, lakini mwenendo wake unafanana. Fuata hatua hizi kwa utaratibu.

1. Tayarisha mtandao sahihi. Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Redio za viyoyozi vingi husikia 2.4 peke yake. Ikiwa ruta yako ina majina mawili ya waifai, unganisha simu na lile lisilo na alama ya 5G. Ikiwa majina yote yameunganishwa kuwa moja na kiyoyozi hakionekani, ingia katika mipangilio ya ruta uyatenganishe, au mwombe mtoa huduma wako akusaidie.

2. Hakiki jina na nywila. Waifai iliyofichwa jina, au yenye herufi na alama zisizo za kawaida katika nywila, huweza kukataliwa na kifaa. Nywila iandikwe kwa uangalifu, herufi kubwa kwa herufi kubwa na ndogo kwa ndogo.

3. Ruhusu programu kutumia mahali ulipo. Simu nyingi za Android haziwezi kutafuta vifaa vya waifai bila ruhusa hiyo. Unaweza kuiondoa kazi ikishakwisha, ikiwa programu itaendelea kufanya kazi bila hiyo.

4. Kiweke kiyoyozi katika hali ya kupokea. Kwa kawaida hufanywa kwa kubonyeza kitufe fulani cha rimoti mara kadhaa au kukishikilia kwa sekunde chache, hadi taa ya waifai ianze kupepesa. Kitufe chenyewe kimetajwa katika kitabu cha maelekezo.

5. Zima data ya simu kwa muda. Katika baadhi ya programu, simu hujiunga kwanza na waifai ndogo inayorushwa na kiyoyozi chenyewe. Waifai hiyo haina intaneti, na simu ikiligundua hilo hurudi kwenye data yake na kuikatiza kazi kabla haijakamilika.

6. Subiri karibu na kifaa. Usitoke kwenye programu wala kuzima kioo cha simu hadi ujumbe wa kukamilika utokee. Kisha washa data, zima waifai ya simu, na ujaribu kuzima na kuwasha kiyoyozi. Kikitii, basi njia yote imefunguka.

Wapo wasomaji wasio na ruta, ambao huwagawia wenzao intaneti kutoka kwenye simu zao. Kiyoyozi kinaweza kuunganishwa kwa njia hiyo ikiwa kuna simu ya pili ya kuendeshea programu. Hata hivyo, simu inayogawa intaneti ikitoka mlangoni na mwenyewe, kiyoyozi hubaki bila mtandao. Kwa mtu wa namna hii, waifai ya kiyoyozi haitamsaidia akiwa mbali, na ni vyema alijue hilo kabla ya kulipia nyongeza ya bei.

Saa na ratiba

Faida kubwa ya kifaa hiki ni ratiba, yaani kukipangia saa za kuwaka na kuzima. Hapo pia ndipo watu wengi wanaweza kukosea, kwa sababu mbili zinazotuhusu sisi hasa.

Sababu ya kwanza ni hesabu yetu ya saa. Programu huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane. Mwenye duka anayetaka kiyoyozi kiwake saa mbili asubuhi na kizime saa kumi na mbili jioni anapaswa kuandika 08:00 na 18:00. Akiandika 02:00 na 12:00, kiyoyozi kitawaka saa nane usiku duka likiwa limefungwa, na kitazima saa sita mchana wakati wateja wamejaa.

Sababu ya pili ni majira ya nchi. Programu nyingine huanza na saa za China, ambazo ziko mbele ya saa za Tanzania kwa saa tano. Ratiba iliyoandikwa 08:00 kwa saa za China itatekelezwa hapa saa tisa usiku, na ile ya 18:00 itatekelezwa saa saba mchana. Nenda kwenye mipangilio ya programu, tafuta sehemu ya majira, na uchague Dar es Salaam. Ikiwa jina hilo halimo, chagua Nairobi, kwa kuwa saa zake ni zile zile.

Baada ya kupanga ratiba, ijaribu siku hiyo hiyo. Weka amri ya kuzima dakika tano zijazo, kisha ukae uone kama itatekelezwa.

Kutambua hitilafu

Kifaa kikikataa amri ya simu, usianze kwa kumwita fundi. Anza na rimoti.

Rimoti inafanya kazi na chumba kinapoa, ila simu haifanyi kazi. Mashine ni nzima. Tatizo liko katika mawasiliano. Fungua ukurasa wowote wa intaneti kwa kutumia waifai ile ile. Usipofunguka, tazama kama bando la ruta limekwisha, kama malipo ya mwezi yamepita muda wake, au kama ruta imezimwa. Ukifunguka, zima ruta kwa dakika moja na kuiwasha, kisha zima swichi ya kiyoyozi kwa dakika tano na kuiwasha. Hali ikibaki vile vile, jaribu akaunti ile ile katika simu nyingine. Ikifanya kazi huko, ubovu uko kwenye simu ya kwanza. Isipofanya kazi, na vifaa vyote vya akaunti hiyo vimekatika kwa pamoja, huenda kompyuta za kampuni zimesimama. Subiri saa chache. La mwisho kabisa ni kukiondoa kifaa kwenye programu na kukiunganisha upya.

Mawasiliano yalikatika baada ya kubadilisha ruta au nywila. Hii si hitilafu. Kiyoyozi bado kinatafuta mtandao wa zamani. Kiunganishe upya, au ipe ruta mpya jina na nywila zile zile za ile ya zamani.

Umeme ulikatika, ukarudi, na kiyoyozi hakikuwaka. Viyoyozi vingi hungoja kama dakika tatu kabla ya kuwasha kompresa ili isiumie. Baadhi hurudi katika hali vilivyokuwamo, na vingine hubaki vimezimwa hadi vipewe amri. Tazama kitabu cha maelekezo. Ruta nayo huchukua dakika kadhaa kurudi hewani. Katika muda huo programu itaonyesha kwamba kifaa hakipatikani.

Simu inaonyesha nyuzi 24, lakini chumba kina joto. Kwanza tofautisha namba mbili: kiwango ulichokiomba, na joto halisi lililopimwa. Programu nyingine huonyesha kwa herufi kubwa kiwango kilichoombwa tu. Kumbuka pia kwamba kihisi kiko juu, karibu na dari, au mahali ambapo jua au taa vinaweza kukidanganya. Kipimajoto cha bei ndogo kilichowekwa mezani kitakuonyesha ukweli.

Amri zinapokewa, feni inazunguka, lakini ubaridi hakuna. Hapa mawasiliano ni mazuri. Angalia kwanza kama hali iliyochaguliwa ni ya kupoza na si ya feni peke yake. Kisha fungua kifuniko uangalie machujio. Katika mitaa yenye vumbi na moshi kama ile ya Kariakoo, machujio huziba upesi. Yaoshe kwa maji na kuyaanika kivulini kila baada ya wiki mbili hadi nne. Hakikisha pia kwamba kipande cha nje hakijazibwa na maboksi ya bidhaa. Yote hayo yakishafanyika bila mafanikio, mwite fundi. Akisema gesi imepungua, mwulize inavujia wapi. Gesi ya kiyoyozi hailiki kama mafuta ya gari. Ikipungua, kuna mahali inapotokea, na kuongeza bila kuziba ni kulipa mara mbili.

Kiyoyozi kinawaka chenyewe. Tafuta ratiba iliyosahaulika, katika programu na katika rimoti pia, kwa kuwa rimoti huwa na ratiba yake. Ikiwa hakuna, soma sehemu ya usalama hapa chini.

Hesabu ya umeme

Wako wanaonunua kifaa hiki wakidhani kwamba waifai yenyewe hupunguza matumizi ya umeme. Haipunguzi. Kinachopunguza ni uamuzi wa mwenye simu.

Kiyoyozi cha BTU 12,000 kisicho na inveta hutumia takribani uniti moja kwa kila saa ambayo kompresa inafanya kazi. Tuseme mpangaji amekisahau kikiwaka saa nane akiwa kazini, na katika muda huo kompresa imefanya kazi saa sita kwa jumla. Ametumia uniti 6. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa daraja la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti, ambazo kwa kodi na tozo hufika takribani 356. Uniti 6 ni shilingi 2,136 kwa siku, na kwa siku 25 za kazi ni shilingi 53,400. Fedha hizo zimepoza chumba kisicho na mtu.

Kwa viwango hivyo hivyo, mteja wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi. Usahaulifu kama huu ungemaliza uniti 75 katika siku 13, hata kabla ya kuhesabu taa na jokofu. Ili kujua bei yako halisi, chukua ujumbe wa LUKU, gawanya fedha ulizolipa kwa idadi ya uniti ulizopata.

Hapo ndipo simu ina faida ya kweli: kuzima kilichosahaulika, na kupanga kiwango cha nyuzi 24 hadi 26 badala ya 16. Kukiweka kwenye 16 hakukipi kiyoyozi cha kawaida kasi zaidi ya kupoza. Hukifanya tu kisipumzike.

Usalama na faragha

Mwenye akaunti ndiye mwenye rimoti, popote alipo. Katika nyumba za kupanga jambo hili lina uzito wa pekee. Mpangaji aliyehama bila kuondoa kifaa kwenye akaunti yake anaweza kuendelea kukiwasha na kukizima kwa gharama ya LUKU ya mwingine. Anayehama na akifute kifaa kwenye programu yake. Anayehamia na akirudishe katika hali ya kiwandani kama kitabu kinavyoelekeza, kisha akisajili kwa jina lake. Vivyo hivyo kwa anayenunua kiyoyozi kilichotumika: adai kwamba muuzaji akifute mbele yake, kwa maana baadhi ya vifaa hukataa mmiliki mpya hadi yule wa kwanza akiachie.

Badilisha nywila ya ruta iliyotoka kiwandani, na usitumie nywila moja kwa kiyoyozi, barua pepe na huduma za fedha. Wanafamilia waalikwe kupitia sehemu ya kushirikisha badala ya kupewa nywila yako. Kumbuka kwamba ratiba ya kiyoyozi humweleza anayeiona ni saa ngapi nyumba huwa tupu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa za namna hiyo, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Ukiwa na lalamiko

Ikiwa kifaa kiliuzwa kwa maelezo kwamba kina waifai na hakina, au kwamba kinatumika Tanzania na hakitumiki, rudi kwa muuzaji mapema ukiwa na risiti, picha ya kibandiko na picha ya ujumbe wa kosa ulioonyeshwa na programu. Eleza ulichofanya hatua kwa hatua na useme unachotaka: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Omba jibu la maandishi, na usiruhusu fundi mwingine afungue kifaa kilicho ndani ya dhamana.

Katika risiti nyingine huandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Maneno hayo hayafuti wajibu wa muuzaji chini ya sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji na kutoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya namna hiyo. Suala la ubora na usalama wa kifaa chenyewe hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Suala la huduma ya intaneti huanzia kwa mtoa huduma, na lisipopata ufumbuzi hufikishwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Tunamkumbusha msomaji mambo matatu. Jaribu programu ukiwa bado dukani. Hifadhi risiti na picha ya kibandiko mahali pamoja. Na siku kiyoyozi kitakapoikataa simu, shika rimoti kwanza, ndipo uamue kama kweli unamhitaji fundi.